Dera la Bluu Lililomuua Mpwa Wangu

Mama ana fremu ya madera Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mimi, mwanawe pekee mwenye cheti cha masoko, ndiye niliyemwambia biashara imehamia mtandaoni. Akanikabidhi simu ya duka na macho ya kunipima.

Nikamchukua mpwa wangu wa miaka 19, akavaa dera la bluu, akajizungusha mbele ya kamera, tukaweka TikTok. Ndani ya siku mbili waliotazama walifika elfu 41. Mama akauliza wamenunua wangapi. Hakununua mtu. Kuna waliouliza wimbo unaitwaje, na mmoja aliyeuliza bei. Tulipomtajia akajibu kwa kicheko.

Ila kulikuwa na komenti moja iliyonikosha: "Nimekufa jamani. Nizikeni na hili la bluu." Kwa vijana hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Nikachukua picha ya mpwa wangu, nikaandika maneno hayo juu yake, chini nikaweka lipa namba ya duka, nikairusha kwenye stetasi ya WhatsApp ya mama. Tazama mwenyewe: picha ya binti, maneno ya kuzikwa, namba ya kutuma hela. Mimi niliona tangazo.

Stetasi hukaa saa 24. Yangu ilihitaji moja tu.

Wa kwanza kuiona alikuwa mama mkubwa, bila miwani. Akatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la kikoba, tatu na nusu zikiwa kilio. Tangu 2019 WhatsApp haikuruhusu kusambaza ujumbe kwa zaidi ya watano kwa mkupuo; mama mkubwa anatuma kwa watano, anajipangusa machozi, anatuma kwa watano wengine. Kufika saa tatu asubuhi habari iko Mbagala, Tanga na kwa ndugu wa Muscat.

Nikampigia mpwa wangu. Hapatikani. Alikuwa kwenye basi anarudi chuoni Dodoma na simu yake imezima chaji. Kwa kiherehere nikaifuta ile stetasi. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana kundini wakaandika: "Wameitoa. Familia haijawa tayari."

Rambirambi zikaanza kuingia kwenye lipa namba. Elfu tano, elfu kumi, mwingine elfu mbili na maelezo kwamba mwezi umembana. Mama, aliyekuwa dukani na hajui lolote, anasikia simu inalia kila dakika. Akanipigia akicheka: "Mwanangu, kumbe hii mitandao ni kweli!"

Kabla ya adhuhuri mama mkubwa akatokea dukani na wenzake wanne, macho mekundu, wakanunua madera 36 ya bluu kwa taslimu. Sare. "Ndiyo rangi aliyoitaka marehemu," akasema. Mama akauliza marehemu gani. Sitaki kueleza kilichofuata, itoshe kwamba muuza maji wa jirani alisaidia kumpepea.

Saa kumi jioni marehemu akapiga simu kutoka stendi ya Dodoma. "Anko, mbona naambiwa nimekufa? Halafu mbona mmeweka ile picha ya upande wangu mbaya?"

Usiku tukakaa nyumbani kurudisha rambirambi mmoja mmoja, na makato ya kutuma nikayabeba mimi. Mpwa wangu, hewani kwa spika, alitaka asilimia yake. Mama akasema madera nayo yarudi, atawarudishia watu hela zao. Mama mkubwa akakataa katakata.

"Yabaki," alisema, akiyakunja vizuri mapajani. "Sare ni sare, msiba haukosi."

Babu, aliyekuwa akikohoa kwenye kiti chake tangu magharibi, akanyamaza ghafla.