Kikomo cha bili ya simu: nani anapaswa kukikumbuka?

Kila bili ya simu inapofumuka na mwenyewe akalalamika, jibu huwa tayari: uliruhusiwa kuweka kikomo, hukuweka, basi lipa. Ni jibu fupi, na si la kipuuzi. Mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi husainiwa na mtu mzima mwenye akili zake. Kampuni nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo ndani ya programu zao, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Aliyeshindwa kuifanya amlaumu nani?

Wanaosema hivyo wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo huwa haisemwi vya kutosha: kikomo kikifika, hukata kweli. Mtu yuko ugenini usiku, anafuata ramani kwenye simu, na data inazimika kwa sababu ya kiasi alichokiandika miezi minane iliyopita na kukisahau. Uingereza, sheria iliyozitaka kampuni kuwapa wateja kikomo inaacha nje simu za huduma za dharura, kwa hiyo polisi na gari la wagonjwa watapatikana. Lakini dharura nyingi za maishani hazipigiwi polisi. Hupigiwa dada, jirani, au mwalimu wa mtoto. Na kiufundi nako kuna ugumu wake: rekodi za simu zilizopigwa kupitia mtandao wa nchi nyingine huchelewa kuifikia kampuni yako, kwa hiyo kikomo kinaweza kupitwa kabla hakijaonekana kimefikiwa.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni dhana iliyo chini yake, kwamba bili ya simu ni manunuzi kama manunuzi mengine, na mnunuzi asiyehesabu ni mzembe.

Mkataba wa kulipa baadaye ni mkopo. Kampuni inakupa huduma leo, inaandika deni, inadai mwisho wa mwezi. Sasa nitajie mkopeshaji mwingine anayekopesha bila dari. Benki ikikupa kadi ya mkopo huanza kwa kukuambia mwisho wako ni wapi, nawe hukuomba kuambiwa. Muuza duka anayekopesha hufika siku akafunga daftari na kusema lipa kwanza ya nyuma. Kwenye simu ndipo mkopaji anatakiwa ajiwekee dari mwenyewe, katika daftari ambalo hashiki kalamu yake, na deni linahesabiwa kwa MB, kipimo ambacho wengi wetu hatujui picha moja inakula ngapi.

Na "ungehesabu" ni ushauri uliobaki kutoka enzi za simu za sauti. Zamani gharama ilihitaji kidole: ulibonyeza namba, ukaongea, ukakata, ukajua umeongea. Data haisubiri kidole. Simu iliyo mfukoni inasasisha programu, inapakia picha za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, inacheza video kabla hujaibonyeza. Saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kumeza hadi GB 3. Kama uko nje ya kifurushi na unatozwa kwa kila MB, hiyo ni takriban MB 3,000 zinazozidishwa kwa bei ambayo hukuiona ikitajwa popote kwenye kioo.

Kuna tarehe mbili ambazo huwa nazirudia. Umoja wa Ulaya ulipoamua kushughulikia bili za romingi, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, ulianza kwa uhuru huohuo unaosifiwa: kuanzia Machi 1, 2010, kila mteja aweze kuchagua kikomo cha data. Kisha Julai 1, miezi minne tu baadaye, sheria hiyohiyo ikaongeza kwamba yule ambaye hajachagua chochote awekewe kikomo cha euro 50 kwa mwezi bila kodi, na aonywe akifika asilimia 80. Asiyekitaka akiondoe mwenyewe. Miezi minne. Walioandika sheria ile hawakusubiri waone ni wangapi watachagua. Naona walijua tangu mwanzo kwamba anayekumbuka kuweka kikomo ndiye asiyekihitaji sana, kwa sababu mtu huyo tayari anasoma bili yake. Anayekihitaji ni yule ambaye hajui hata kwamba kuna kitu cha kuwekewa kikomo.

Uingereza ilichagua njia ya kwanza kwa bili za kawaida. Tangu Oktoba 1, 2018, kampuni lazima zimpe nafasi ya kuweka kikomo mteja anayeingia mkataba mpya au kuongeza wa zamani, zimtaarifu mapema anapokikaribia, na zisikipite bila yeye kukubali. Ni sheria nzuri kwa anayejua ipo. Kwa asiyejua, imeongeza kisanduku kimoja kwenye fomu, na fomu hizo tunajua tunavyozipitia.

Watasema kikomo cha lazima ni kuwalea watu wazima. Lakini kikomo kinachoondolewa kwa ujumbe mmoja hakimzuii mtu mzima yeyote. Kinamtaka tu aseme "ndiyo" akiwa macho. Afrika Kusini ilifika karibu na hapo mwaka 2019 bila hata kuandika kiasi cha fedha: kampuni ziwajulishe wateja data ikifika asilimia 50, 80 na 100, na zisiwatoze bei ya nje ya kifurushi mpaka wakubali. Yule msafiri na ramani yake hapati hasara kubwa. Anasoma ujumbe, anakubali, anaendelea na safari.

Wizi nao nisiuruke. Laini ya mkataba ikiibwa, mwizi anatumia mkopo wako, na hakuna kiwango cha uangalifu kinachokusaidia wakati bado hujajua imeibwa. Mwaka 2015 baadhi ya kampuni kubwa za Uingereza zilikubali kwamba mteja anayeripoti ndani ya saa 24 asidaiwe zaidi ya pauni 100. Kwa hiyo dari inawezekana, na kampuni zenyewe zinaweza kuishi nayo.

Kinachonitatiza ni namba. Euro 50 ya mwaka 2010 ilibaki euro 50 sheria ilipoandikwa upya mwaka 2022; kilichoongezwa ni onyo la pili kwenye euro 100 kwa wanaoendelea. Katika miaka hiyo 12 bei ya data ya romingi barani humo ilishuka sana, kwa hiyo kiasi kilekile kilinunua data nyingi zaidi, na breki ileile ilikuja kushika baada ya mwendo mrefu zaidi. Kikomo kikiwa juu mno hakimlindi mtu. Kikiwa chini mno, watu watakiondoa siku ya kwanza kwa hasira na hawatakirudisha. Mimi ningekipima kwa ada ya mwezi ya mteja mwenyewe, tuseme nusu yake, ili anayelipa ada ndogo aonywe mapema kuliko anayelipa kubwa.