Yatima Hadeki: Ukali wa Mwalimu Mlezi Unapojenga na Unapobomoa

Waswahili husema yatima hadeki. Ni kauli ya huzuni: inaeleza hali ya mtoto asiye na wa kumbembeleza. Lakini wapo wanaoichukua kama agizo, kwamba yatima asidekezwe. Fundi, kocha au mwalimu wa muziki anamchukua mtoto aliyeshuhudia wazazi wake wakifa, anampa kitanda, kisha anamfunza kwa mkono wa chuma. Wengine wanamwona mwokozi, wengine wanaona mtoto ametolewa kwenye janga moja na kutiwa kwenye jingine.

Wanaotetea ukali wana hoja nzito, na haifai kuipita haraka. Mtoto aliyefiwa hugundua upesi kwamba watu wamemshushia kipimo. Kazi yake mbovu inasifiwa, makosa yake yanafumbiwa macho, sauti zinapoa akiingia chumbani. Kutokana na hayo anaelewa kwamba wenzake wanamhesabu kuwa ameharibika. Mwalimu anayemwambia “rudia, hii haijanyooka” anamwambia pia kwamba anaamini anaweza. Tena mtoto ambaye dunia yake ilivunjika kwa siku moja anahitaji kitu kisichobadilika: saa ile ile ya kuamka, kanuni zile zile, matokeo yale yale kwa kosa lile lile. Mwalimu mpole asiye na msimamo hampi hilo.

Kuna ushahidi pia. Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya waliokulia kwenye shida nyingi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na utulivu. Mojawapo ya mambo yaliyowatofautisha ni kuwa na walau mtu mzima mmoja thabiti, ambaye si lazima awe mzazi. Mwalimu anaweza kuwa mtu huyo. Ila kilichohitajika hapo ni uthabiti, na uthabiti na ukali si kitu kimoja, ingawa mara nyingi huchanganywa.

Upande wa pili unaanza na mwili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwa mtoto mwenye kiwewe huo si mfano tu wa maneno. Mlango ukibamizwa, harufu fulani ikipita, sauti ikipanda ghafla, mwili wake unajibu kabla hajawaza: moyo unakimbia, pumzi inafupika, misuli inakaza. Katika hali hiyo uwezo wa kupanga, kukumbuka hatua na kutumia vidole kwa ustadi hushuka. Kumfokea ajifunze wakati huo ni kudai kazi kutoka kwa sehemu ya akili iliyozimika kwa muda.

Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio, ya kikatili kwa kweli, ya mbwa waliopigwa shoti za umeme. Waliokuwa na kibao cha kusukuma kwa kichwa ili kuzima shoti walijifunza baadaye kuikwepa walipowekwa mahali pengine. Wenzao walipata shoti zile zile kwa muda ule ule, bila njia ya kuzizima. Wengi wao walilala chini tu, hata njia ya kutoka ilipokuwa wazi. Maumivu yalikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kama mnyama ana lolote la kufanya kuyahusu. Kwangu mimi hapo ndipo mizani inapolalia. Mazoezi magumu ambayo mtoto anajua yanaanza lini, yanaisha lini, na anaweza kuyasimamisha kwa neno moja, humjenga. Mazoezi mepesi yenye hasira zisizotabirika humbomoa.

Tuchukue karakana. Mtoto anatoboa tundu la mraba kwenye ubao kwa patasi. Patasi imeinama, tundu linapanuka upande mmoja. Mwalimu aliye nyuma yake anafoka. Mabega ya mtoto yanapanda hadi masikioni, anabana pumzi, kiganja kinaukaba mpini, na pigo linalofuata linapasua ubao. Akiulizwa kama ameelewa, anasema “ndiyo” upesi, na angesema “ndiyo” kwa swali lolote. Mwalimu anaona uzembe, anapandisha sauti. Mtoto sasa anakodoa macho mahali pamoja, hajibu. Mwalimu anaona kiburi. Kila hatua ya kosa imezaa nyingine, na hakuna hata moja iliyohusu patasi.

Mwalimu yule yule, bila kupunguza kipimo cha kazi, angeweza kusimama mbele au ubavuni, mahali anapoonekana. Angelitaja jina la mtoto kwanza, kisha angetoa sahihisho moja tu, la kufanya na si la kuacha: “Simamisha patasi wima.” Kabla ya kumshika mkono angesema, “Nakushika mkono.” Akiona mabega yamepanda na pumzi imebanwa, angesitisha kazi ya vidole na kumpa kazi ya misuli mikubwa, kama kubeba mbao au kupiga randa kwa mikono miwili, dakika kadhaa, mpaka pumzi irudi. Kutoa pumzi polepole kuliko kuivuta husaidia pia. Halafu siku hiyo hiyo wanarudi kwenye lile tundu, hatua moja nyuma, ili mtoto asilale na kushindwa. Ubao uliopasuka hautapokelewa, atachonga mwingine. Huo ni ukali pia, ila umeelekezwa kwenye kazi.

Kosa lisilosemwa vya kutosha lipo kwenye michezo na kazi za nguvu. Baadhi ya watoto hawa wamejifunza kujitenga na miili yao. Wanaumia bila kulalamika, na kocha anawasifu kwa ustahimilivu. Kumbe kifundo kimeteguka na mtoto hajakihisi ipasavyo, au amekihisi akaogopa kwamba akisema atafukuzwa. Mtoto asiyelalamika kamwe akaguliwe kila baada ya mazoezi: viungo, ngozi, mwendo wake. Ukimya wake ni sababu ya kuongeza uangalizi, na makocha wengi huufanya sababu ya kuongeza uzito.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba mwalimu huyu ni mlezi pia. Mwanafunzi wa kawaida akikaripiwa hurudi nyumbani. Huyu anakaa meza moja na aliyemkaripia. Ndiyo maana chakula, kitanda na salamu ya usiku visifungwe kabisa na matokeo ya mazoezi. Kumnyima chakula kwa sababu ya kazi mbovu, au kumwambia “nitakurudisha nilikokutoa”, kunagusa donda lenyewe. Akikutwa ameficha chakula chini ya mto, asiadhibiwe. Apewe chombo chake chenye chakula anachoweza kukifikia saa yoyote, na kwa wengi haja ya kuficha hupungua taratibu.

Mwalimu ajiandae pia kwa majaribu. Mara nyingi wiki za mwanzo huwa shwari, mtoto ana adabu ya kupita kiasi. Anapoanza kuzoea ndipo anapovunja vitu, anaiba, anatukana. Anapima kama utamfukuza, maana ni heri ajue mapema. Adhabu hapa iwe inayojulikana kabla, fupi, inayohusiana na kosa: aliyevunja kifaa anakitengeneza, mwalimu akiwa pembeni. Ikiisha imeisha, haikumbushwi kesho. Na mwalimu aliyefoka bila haki aseme hivyo siku hiyo hiyo. Hapo mtoto anaona kwamba ugomvi unaweza kwisha bila mtu kuondoka.

Lakini mwalimu si tabibu. Jinamizi na kushtuka vikidumu zaidi ya mwezi, au mtoto mkubwa akirudia kukojoa kitandani, mtaalamu aitwe. Akijikata au akizungumzia kutaka kufa, aitwe siku hiyo hiyo. Na lazima awepo mtu mzima wa pili, nje ya karakana au ukumbi, ambaye mtoto anaweza kumwendea bila kuomba ruhusa. Mwalimu anayekataa hilo kwa madai kwamba linavunja nidhamu aogopwe, hata kama wanafunzi wake wote ni mabingwa.

Kisa cha Cus D'Amato, kocha wa ndondi, na mwanafunzi wake, bondia Mike Tyson, kinabeba pande zote mbili. D'Amato alimpokea Tyson akiwa kijana mdogo aliyetoka shule ya watoto watukutu, akamweka nyumbani Catskill, New York, na mama wa Tyson alipofariki akawa mlezi wake kisheria. Alimfundisha kuitazama hofu kama moto: ukiumudu unakufaa, usipoumudu unakuunguza. Ni somo zuri mno kwa mtoto wa aina hiyo. Lakini Teddy Atlas, kocha aliyefanya kazi pale akaondoka mwaka 1982 baada ya ugomvi, amesimulia kwamba kanuni zilizowabana vijana wengine zililegezwa kwa Tyson, kwa kuwa kipaji chake kilikuwa cha thamani mno. Kama ndivyo, ukali ulibaki ulingoni na ukakosekana maishani. Novemba 1986 Tyson alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. Mwaka 1992 alihukumiwa kwa ubakaji. Kumbebesha marehemu kosa hilo si haki; mtenda kosa ni Tyson.

Jambo jingine kwenye kisa hicho ni tarehe. D'Amato alifariki Novemba 1985, mwanafunzi wake akiwa na miaka 19, na akafiwa upya. Mwalimu mlezi mara nyingi ni mtu mzima sana, na mtoto anayemtegemea yeye peke yake ameshaandikiwa msiba wa pili. Kumwandaa ni kazi ya miaka: kumzoesha nyumba nyingine mbili tatu ambako anaweza kulala, kumwachia akaunti, vifaa na hati kwa jina lake, na kumpeleka afunzwe na mwalimu mwingine siku moja kila wiki, huku wa kwanza bado yu hai na ana nguvu za kumsindikiza hadi mlangoni.