Tundu Dogo Si Lazima Liwe na Maumivu Madogo

Siku hizi mtafiti akieleza kazi yake kwenye uti wa mgongo wa paka, hukosi kusikia kwamba hapasui pakubwa: ni sindano tu, au kamera nyembamba inayopita kwenye tundu dogo. Hilo naliunga mkono. Misuli ya mgongo haichanwi sana na damu inayomwagika ni kidogo. Kinachonikera ni tundu kuwa dogo halafu tukaambiwa basi paka hakuteseka.

Huku kwetu Nakuru paka huwekwa kwa ajili ya panya wa stoo ya mahindi. Akigongwa na bodaboda, watu husema ana roho ya paka, atapona mwenyewe. Nilimwona mmoja Njoro, mkia umelegea kama kamba, mkojo unamtoka bila habari. Neva za mkia na kibofu zilikuwa zimevutwa. Daktari alimbana mkia kwa koleo pale unapoanzia, na paka akageuka kwa hasira kutaka kumuuma. Tulifurahi kweli, maana paka anayehisi hapo ana nafasi nzuri ya kuuzuia mkojo tena.

Hata sindano yenyewe si mchezo. Ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo wa paka hufika nyuma zaidi kuliko wa mbwa, kwa hiyo sindano ya ganzi ikiingizwa kiunoni inaweza kupita kiasi ikaugusa ugwe wenyewe. Ndiyo maana madaktari wengi huichoma chini zaidi, kwenye shina la mkia, kwa mfano wanapomzibua dume aliyezibwa mkojo.

Paka wametupa mengi. Mwaka 1911, Thomas Graham Brown wa Uingereza alionyesha kwamba ugwe wa paka uliotenganishwa na ubongo bado hutoa mpigo wa hatua. Baadaye paka waliokatwa ugwe walifundishwa kutembeza miguu ya nyuma juu ya mkanda wa mashine, na mazoezi ya binadamu walioumia mgongo yakachota humo. Siwezi kuyadharau maarifa hayo. Lakini paka wale walijeruhiwa makusudi.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inadai leseni kwa majaribio ya aina hii. Sawa, ila leseni haikeshi na paka. Mara nyingi paka mwenye maumivu halii; hujikunyata nyuma ya kizimba, akatulia. Mwaka 2019 watafiti wa Montreal walichapisha kipimo cha kusoma uso wake: masikio, macho, pua na mdomo, sharubu, na kichwa alivyokiweka. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu aliye macho saa nane usiku, tena mwenye dawa sahihi, kwa sababu parasetamoli ya nyumbani humuua paka. Mtafiti akinisifia tundu lake, hapo ndipo nitamuuliza: usiku huo nani alikuwa zamu, na alimpa nini?

Na kwa nini tujeruhi wapya? Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na paka wa kugongwa hawakosekani. Mwenye paka akikubali, paka atibiwe bila malipo na matokeo yaandikwe. Najua majeraha ya barabarani hayafanani, hivyo majibu yatachelewa. Na yachelewe.