Lori Lilipofika Tulipiga Makofi

Makofi yalikuwa thelathini na manne. Nilirudi kuyahesabu baadaye, moja moja kwa kidole, kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu hapa Pangani, Nairobi, chini ya ujumbe wa Ijumaa saa tano usiku: "Wamebebwa. Asanteni wote mliopiga simu." Ploti ina nyumba arobaini. Kundi hilohilo, ukiuliza nani hajalipa pesa za taka, watajibu watu watatu na mmoja wao atatuma aya ya Biblia. Usiku huo watu thelathini na wanne walitoka usingizini ili wapige makofi. La kumi na tisa lilikuwa langu, na tangu hapo limekataa kunitoka mkononi.

Waliobebwa ni watu sita waliokuwa wakilala nyuma ya ukuta, pale kwenye transfoma. Watano siwajui zaidi ya salamu. Wa sita ni Fundi. Zamani Fundi alikuwa na meza yake ya redio na simu kwenye korido moja pale barabara ya Luthuli, kabla unga, yaani heroini, haujamwonja. Mwaka jana waya wa chaja yangu ulipokatika alinitengenezea papo hapo barabarani. Aliukwangua kwa meno, akachoma msumari kwenye jiko la mama wa mahindi, akanyofoa tone la risasi ya kuunganishia waya kwenye redio iliyokufa aliyokuwa nayo guniani. Mikono yake ilitetemeka mpaka nikaanza kujutia waya wangu. Msumari ulipogusa shaba, ikatulia kabisa. Aliniomba hamsini, nikampa mia, nikapanda ngazi nikijiona mtakatifu. Chaja hiyo ndiyo ninayotumia hadi leo. Simu niliyopigia kofi ilikuwa imeshikishwa nayo ukutani.

Jambo ambalo ploti haikulijua, au ililijua ikanyamaza, ni kwamba Fundi alikuwa na miezi minne akienda kliniki ya methadoni kule Ngara. Kila asubuhi alitoka hapa ukutani kwa miguu. Dawa hii, anayopewa mraibu wa unga badala ya unga, ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014 pale hospitali ya Mathari, na Ngara ikafunguliwa 2017. Haina mchezo wala uchawi. Unafika mwenyewe, mvua iwe au jua, Jumapili na Krismasi zikiwemo, unakunywa kikombe chako muuguzi akikutazama mpaka umeze, unaenda zako. Ya kubeba nyumbani kwa kawaida hupewi, na kwa Fundi hiyo nyumbani ingekuwa wapi? Kinachopatikana ni siku moja bila arosto, yale maumivu ya kukosa. Kesho unarudi kuchukua siku nyingine. Wengi wetu tunashindwa kumaliza dozi ya siku saba ya antibiotiki, na tunalala kitandani, na tuna saa ya kutuamsha.

Sasa hesabu na mimi. Amebebwa Ijumaa usiku. Jumamosi yuko seli. Jumapili yuko seli. Jumatatu wanabishania karatasi, hakuna anayejua shtaka ni lipi, anaachiliwa jioni wakati dirisha la dawa limeshafungwa. Siku tatu. Nilipomwona Jumanne alikuwa amejikunja kama mtoto, machozi na kamasi vinatiririka bila kilio, anapiga miayo mfululizo, suruali imemharibikia. "Anti," akaniambia, "mifupa ilikuwa inatafunwa. Nilivumilia mpaka Jumatatu." Jumatatu usiku hakuvumilia. Alienda anakokujua, akapata anachokijua. Na hapo ndipo watu hufia, kwa sababu mwili uliokaa siku kadhaa bila kitu hauwezi tena kubeba kipimo ulichozoea. Mwenzake alikesha akimpiga makofi mashavuni asilale. Ndiyo, makofi. Ya aina nyingine.

Tena ukikosa dozi siku tatu mfululizo hurudii pale ulipoachia. Wanakupima upya, wanakushusha, unapanda tena polepole. Miezi minne ya mtu imerudishwa nyuma na ukurasa mmoja wa "tumewachoka hawa" kwenye kundi.

Na haya yote nisingeyaandika, ningeyameza kama nilivyomeza mengine, lakini Jumanne hiyohiyo mtu wa nyumba ya 27 alituma picha ya Fundi amelala pale transfoma na maneno haya: "Hao wamerudi. Hawa watu hawataki kusaidika."

Hawataki kusaidika!

Wacha niwaambie kuhusu mjomba wangu. Kitindamimba wa nyanya, karani, shati lililopigwa pasi, na mlevi kuliko yeyote aliyewahi kulala kwenye huo ukuta. Alikunywa miaka kumi na sita. Alipoteza kazi mbili, mke mmoja, na pikipiki ambayo mpaka leo familia haijui iliishia wapi. Kwa miaka hiyo yote, huko Kangundo, mlango wa jikoni wa nyanya haukuwahi kufungwa kwa komeo usiku. Githeri ilikuwa juu ya meza imefunikwa kwa sahani. Akija saa tisa anakuta, asipokuja, asubuhi kuku wanapewa. Nyanya alikuwa akimtukana mchana kutwa, tena matusi ya kweli, lakini komeo hakulishika. Tulichanga tukampeleka kituo cha kurekebisha tabia mara mbili, na mara zote mbili alitoka akaanzia kwenye kituo cha matatu. Ya tatu aliacha mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na moja. Alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu na mchungaji. Mungu simbishii. Ila nyanya alikuwa ameketi safu ya tatu na hakuna aliyetaja mlango.

Hakuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kumwita mjomba chokoraa. Alikuwa "anasumbuliwa na pombe kidogo". Alishindwa mara mbili na hatukusema hataki kusaidika. Tulisema tumwombee. Ndiyo maana nasema tunapotazama ule ukuta hatuoni unga wala gundi. Tunaona mtu asiye na mlango, halafu tunatafuta dhambi ya kueleza kwa nini hana.

Kama hunipendi mimi, penda hesabu. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, walipofanya utafiti wao wa 2022 walikuta Mkenya mmoja kati ya sita, wa miaka 15 hadi 65, anatumia kileo, tumbaku au dawa fulani: watu 4,733,152, pombe ikiongoza. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, 15,337 kati yao hapa Nairobi. Miaka haifanani, najua, lakini chukua kila mmoja wa hao wa mitaani, pamoja na watoto wachanga mgongoni, uwafanye wote watumiaji. Bado hawafiki mmoja kati ya mia. Wale wengine wote wana funguo mfukoni. Wengine wako kwenye kundi letu. Tunajua gari la nani huegeshwa likiwa limelala kwenye maua kila Jumamosi, na soja anajua zaidi yetu.

Halafu kuna ile ya "ukimpa pesa ataenda kununua gundi". Anaweza, sawa. Mtoto anavuta gundi kwa sababu Julai, Nairobi hii, saa kumi za usiku, kwenye karatasi ya saruji, gundi inazima njaa na baridi kwa bei ambayo hakuna mkahawa unaweza kushindana nayo. Ile ni gundi ya viatu, inatoka kwenye mkebe, mkebe una mwenye duka, na anayeipima kwenye vichupa anajulikana mtaa mzima. Sijawahi kuona lori limekuja kumbeba huyo.

Kubeba watu kwa lori si jambo jipya, nalo halijawahi kumaliza kitu. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997, na bado tunaishi kama haikufutwa. Angalau 2003 serikali ya NARC, ile ya Kibaki, ilipowatoa vijana barabarani iliwapeleka NYS, huduma ya vijana kwa taifa, wakasomea kazi, na wapo waliotoka na ufundi. Mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa kurekebisha familia za mitaani. Uko wapi leo na unafanya nini, muulizeni mbunge wenu akija kuomba kura. Na ile Mei ya 2024, tingatinga zilipopita kando ya mto Mathare baada ya mafuriko, mlidhani wale watu waliyeyuka?

Haya, nanyi mna lenu. Kioo cha pembeni cha Mama Imani kiling'olewa mwezi wa nne, na si majini waliokibeba. Mimi mwenyewe nimenyang'anywa simu pale mzunguko wa Globe, na nikitoka kazini usiku nikakuta kundi limekaa gizani, moyo hunidunda, huruma yote hunitoka, natembea haraka. Binti yangu simruhusu kupita huko nyuma peke yake. Sitawaambia muwakaribishe sebuleni, mimi mwenyewe sijafanya hivyo. Mwizi ashikwe kwa wizi wake. Lakini walibebwa sita kwa kioo kimoja, na kioo hakikurudi.

Nilimuuliza Fundi anataka nini. Nilitarajia kitu kikubwa, nilishaanza kupiga hesabu ya nitakavyokataa. Akasema anataka mtu amwamshe. Simu hana, na kwa dozi hii ndogo waliyomrudishia hapati usingizi mpaka alfajiri, kisha analala fofofo jua linampita. Akikosa tena wataanza tena chini.

Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijaingia kazini, napita nyuma na kupiga ukuta kwa jiwe mara tatu. Leo ni siku ya tisa. Siku ya nne hakuamka, nikapiga kelele mpaka mtu wa nyumba ya 27 akafungua dirisha akaniuliza kama niko sawa.

Juzi mwenyekiti ametangaza mchango wa shilingi 1,500 kwa kila nyumba, wa kuweka seng'enge na taa kali pale transfoma "ili pasikalike". Makofi ishirini na sita mpaka sasa. Mweka hazina, najua wewe husoma hapa: nyumba ya 11 usiisubiri.