Wakala asitupangie kikosi

Jumamosi asubuhi kijana wetu alirudi uwanjani hapa Mbeya, viatu mkononi. Viatu vile tulimchangia: huyu mia tano, yule elfu moja, na mama mmoja anayeuza viazi soko la Sido akatoa elfu tano. Soli zilikuwa hata hazijaanza kulika. Alikuwa Dar siku tisa, kwenye majaribio ya timu moja ya mpira wa kikapu, akarudi na basi la usiku.

"Shikamoo mwalimu. Wamesema nafasi zimejaa."

"Marahaba. Zimejaa akina nani?"

Akanyamaza, akainama kufunga kamba.

Jibu nililipata jioni kwa simu, kutoka kwa mtu wa benchi la ufundi la timu ile ambaye tulicheza naye zamani. Hakunificha. Kati ya magadi wote waliojaribiwa, yaani wale wanaoongoza mpira na kugawa pasi, wa kwetu aliwazidi kwa kukaba na kwa pasi. Ila timu ilikuwa inamhitaji sana senta mmoja mrefu, yule wa kucheza chini ya kikapu, na wakala wa senta huyo, yaani anayemsemea kwenye mikataba, akaweka sharti: mkimtaka huyu, wachukueni na vijana wangu wengine wawili. Mmoja wa hao wawili ni gadi. Orodha ni ya watu 12. Basi, hesabu ikaishia hapo, na aliyepiga hesabu hakukanyaga mazoezini hata siku moja.

Nenda pale Sido ununue sado ya viazi. Juu vimepangwa vikubwa, vya kutamanisha. Huuziwi hivyo vya juu peke yake, unabeba sado nzima, na vya chini utakutana navyo jikoni. Wakala mwenye nyota mmoja na wachezaji wengine wanne wa kawaida anauza hivyo hivyo, na timu yenye njaa ya ushindi inabeba sado.

Wanaosema haya ni mambo ya ligi changa kama yetu, watazame NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Nyota LeBron James aliporudi timu ya Cleveland mwaka 2014, wakala wake alikuwa Rich Paul. Mwaka uliofuata Tristan Thompson, mteja wa Rich Paul huyo huyo, akakosa kambi ya maandalizi kwa sababu ya mkataba, na LeBron akasema hadharani kwamba mwenzake amalizane na timu. Timu ikampa dola milioni 82 kwa miaka 5. Mwaka 2016 ikawa zamu ya J.R. Smith, naye wa wakala huyo huyo: dola milioni 57, miaka 4. Najua mtaniambia Cleveland walibeba ubingwa 2016, na kwamba Thompson alipigania kila ribaundi, mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu. Sawa, nakubali, alistahili kuwepo. Lakini 2018 LeBron akaondoka kwenda Lakers na mikataba ile ikabaki. Msimu uliofuata Cleveland walishinda mechi 19 kati ya 82. Nyota alihama, wakala akahama naye kwa heshima zote, na waliobaki na deni ni timu na mashabiki wake.

Ya nyota mwingine, Anthony Davis, mnayakumbuka: Januari 2019 wakala, Rich Paul tena, alitangaza kwamba mteja wake anataka kuondoka New Orleans, na kabla ya msimu mpya alikuwa Lakers pamoja na LeBron. Na New York Knicks walimchukua wakala, Leon Rose, wakamfanya rais wa timu kabisa mwaka 2020.

Sisemi wakala hafai. Nimeona mama wa mchezaji akiweka sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, kwa sababu tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 kila mzazi mwenye mtoto mrefu ana ndoto ile. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu anayejua mikataba. Chama cha wachezaji wa NBA kimeweka kikomo cha malipo ya wakala, asilimia 4 ya mshahara, na hilo ni jambo jema ambalo sisi tungeliiga kesho.

Ninachokataa ni mtu mmoja kukaa mezani na timu moja kwa niaba ya wachezaji watatu. Fedha za usajili zina mwisho. Akimpandishia mmoja malipo, amempunguzia mwingine, na wote wawili wanaamini ni mtetezi wao. Kocha naye akitaka kumweka nje gadi aliyeingia kwa mgongo wa senta, anafikiria kwanza senta atanuna vipi. Hapo kocha ameshapokonywa timu. Na anayelipa kuliko wote ni yule aliyekuja na basi, bila mtu wa kumsemea, akacheza vizuri kuliko wote, akaambiwa nafasi zimejaa.

Timu ziandike mkataba wa kila mchezaji peke yake, na kocha aweke sahihi kwamba huyu nimemchagua mimi. Nafasi ikipotea kwa kukosa kiwango, tutarudi kufanya mazoezi. Hilo tunalimudu.

Jana wakala yule wa senta mrefu amenipigia. Amesikia tuna senta wa miaka 16 anayesoma hapa Mbeya. Nimemjibu aje Jumapili mchana nyumbani kwa mama yake, karatasi iwe ya Kiswahili, na iwe na jina la mtoto huyo mmoja tu.