Barua Iliyorudi Isomwe Kwanza

Ofisi ndogo nyingi ninazozifahamu zina seva yao ya barua pepe, au kipande cha seva walichokodi, na siku proforma isipomfikia mteja kinachofuata ni kubahatisha. Seva inazimwa na kuwashwa. Nywila inabadilishwa. Mteja anaombwa aangalie kwenye barua taka, mwishowe proforma inatumwa kwa WhatsApp na habari inaishia hapo mpaka itokee tena. Muda wote huo kwenye kikasha cha mtumaji imelala barua ya MAILER-DAEMON ambayo hakuna aliyeifungua, na ndani yake seva ya upande wa pili imeeleza kwa nini imekataa. Mimi nasema asiyeisoma hiyo asiguse kitu kingine.

Kinachotakiwa humo ni namba. Ikianza na 4, umeambiwa urudi baadaye, na seva yako itarudi yenyewe. Postfix, programu ya seva ya barua inayotumika sana, isipobadilishwa mipangilio huendelea kujaribu kwa siku 5. Ikianza na 5, umekataliwa, na kuituma ileile tena ni kujichosha. Halafu kuna namba ndogo zinazofuata: 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo (mara nyingi mtu wa mauzo kakosea herufi kwenye jina lililo kabla ya @), 5.2.2 ni kikasha kilichojaa, 5.7.25 na 5.7.26 ni matatizo ya kutoaminika. Kama hakuna barua iliyorudi, angalia foleni kwa amri ya mailq, au soma logi za seva. Maelezo yamo humo, jina la seva iliyokataa na saa yenyewe.

Hiyo 5.7.25 ndiyo inayowala watu muda kuliko zote. Kwa kawaida DNS, yaani kitabu cha majina cha mtandao, huulizwa jina ikatoa namba ya seva, ndiyo anwani ya IP. Seva inayopokea barua huuliza kinyume: hii IP inayonigongea, jina lake nani? Jibu hutoka kwenye rekodi ya PTR. Basi fundi anaingia kwenye paneli ya domeini, anaongeza PTR humo, anasubiri, hakuna kinachobadilika, na hakitabadilika. Rekodi hiyo haiko kwa mwenye domeini, iko kwa mwenye anwani ya IP, yaani kampuni ya intaneti iliyokuvutia laini au kampuni uliyokodi kwake seva. Kwa Afrika, AFRINIC, shirika la kugawa IP lililoko Morisi, huzigawia kampuni hizo, wewe umeazimwa tu. Kwa hiyo kazi yako ni kuandika ombi: IP yetu ni hii, tunataka ijibu kwa jina hili. Jina hilo nalo likiulizwa lirudishe IP ileile, na seva yako ijitambulishe kwa jina hilohilo inapobisha hodi. Seva nyingi hubisha kwa jina la "localhost" kwa sababu aliyeziweka aliharakisha kuondoka.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Seva ikiwa na IP za aina mbili, IPv4 ya zamani na IPv6 mpya, PTR huombwa ya IPv4 na ile nyingine ikasahaulika. Matokeo yake barua zinazopita IPv4 zinafika, za IPv6 zinakataliwa na Gmail, na ofisini wanaapa kwamba "leo inafanya kazi, jana ilikuwa haifanyi". Logi itakuonyesha IP ndefu yenye nukta pacha. Omba PTR yake pia, au mwambie Postfix atumie ipv4 peke yake. Ni mstari mmoja.

Na kama seva iko ofisini kwenye laini ya kawaida ambayo IP yake hubadilika, mimi nisingehangaika nayo. Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, wana orodha iitwayo PBL ya IP za namna hiyo, na kuwemo hakumaanishi kwamba umetuma uchafu. Inasemwa tu kwamba barua zisitoke huko moja kwa moja. Tena kampuni nyingi za intaneti, na za kukodisha seva pia, hufunga mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, kwa wateja wadogo.

Upande wa uthibitisho kuna uvumi ninaokutana nao sana: eti masharti ya Google na Yahoo ya Februari 2024 yanawahusu tu wanaotuma barua 5,000 kwa siku. Hao wamewekewa mzigo mkubwa zaidi, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yako) na DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (agizo la nini kifanyike hivyo viwili visipolingana na domeini ya mtumaji) kwa pamoja. Lakini hata duka la vipuri linalotuma ankara kumi kwa Gmail linatakiwa kuwa na SPF au DKIM, PTR iliyo sahihi, na barua zipite kwa TLS, yaani zikiwa zimefichwa njiani. Ni kama barua ya serikali ya mtaa unayoombwa benki: hawakushuku wewe, hawakujui tu. SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua, iliandikwa mwaka 1982, enzi ambayo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na hakuna aliyedai kitambulisho. Haya mengine yote ni viraka vya baadaye.

Kosa la SPF ninalolikuta zaidi ni rekodi mbili. Ofisi imejiunga na huduma ya kutuma matangazo, maelekezo yanasema ongeza rekodi hii, inaongezwa kando ya ile ya zamani. Domeini moja inaruhusiwa rekodi moja ya SPF. Zikiwa mbili, zote zinahesabiwa kosa. Ziunganishwe. Na ndani yake kuuliza DNS kusizidi mara 10.

Foleni ikikutwa na maelfu ya barua za watu msiowajua, hilo ni jambo jingine kabisa: ama nywila ya anwani ya info@ ilikuwa jina la kampuni na mwaka, ama fomu ya tovuti ya WordPress imevamiwa. Hapo watu hukimbilia kuomba IP iondolewe kwenye orodha nyeusi kabla ya kuziba tundu. Inaondolewa, inarudi humo muda si mrefu, na safari ya pili ombi ni gumu zaidi.

Kuhusu swali la kama biashara ndogo itume barua kwa seva yake yenyewe, nadhani hapana. Pokeeni kwenu, tunzeni barua zenu kwenu, ila za kutoka zipitisheni kwa huduma ya kupeleka barua, kwa mlango 587, ambao mteja huingia kwa nywila kukabidhi barua zake. Najua wapo wanaoona ni kujisalimisha kwa makampuni makubwa, na wana hoja. Ila mwenye duka hakufungua biashara ili alinde sifa ya IP.

Huduma hiyo nayo itakudai rekodi za DNS, na hapo ndipo ofisi nyingi hugundua kwamba nywila ya paneli ya domeini anayo kijana aliyetengeneza tovuti na ambaye hapokei simu tena. Iulizeni leo. Mkiipata, angalieni pia taarifa za kulipia domeini hutumwa wapi. Nimekuta zinatumwa kwa anwani iliyo ndani ya domeini hiyohiyo, ambayo siku domeini ikikatwa haipokei chochote.