Baiskeli ya mbio au ya masafa? Kwa barabara za Nairobi, mimi nimeshachagua

Mpwa wangu anaishi Rongai na kazi yake iko Karen. Mwezi wa kwanza alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Anko, nimepata baiskeli mbili za mtumba, bei inakaribiana. Moja ni ya mbio, kali sana. Nyingine muuzaji anasema ni ya starehe, eti hiyo huchukuliwa na wazee. Nichukue ya mbio, si ndio?"

Nilimwomba asitoe pesa mpaka nizione. Swali hilo nimelijibu vibaya mwenyewe miaka iliyopita, na jibu lile lilinigharimu rimu mbili na vidole vilivyokufa ganzi. Sitaki kijana mwingine alipie somo hilohilo.

Kwanza hilo neno. Ukimwambia mtu kwamba baiskeli ni ya starehe, anawaza kiti kipana chenye springi na mwendo wa kwenda sokoni polepole. Baiskeli ninayoizungumzia haiko hivyo. Ina usukani uleule uliopinda kama pembe za kondoo, gia zilezile, na fremu ya kaboni au aluminiamu kama ile nyingine. Ila walioichora walimfikiria mtu atakayekaa juu yake saa tano kwenye lami iliyochoka. Mimi huiita baiskeli ya masafa, na naomba wauzaji waanze kuiita hivyo, kwa sababu "ya wazee" imewafukuza vijana wengi kutoka kwa kitu kilichowafaa.

Jumamosi tukaenda kwa muuzaji. Nilibeba tepu ya kupimia na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 4. Zote mbili zilikuwa na saizi 54 kwenye kibandiko, na kwa mbali ungedhani ni mapacha. Tukaziegemeza ukutani bega kwa bega. Ile ya masafa ilikuwa imeinuka mbele kwa sentimita tatu, na usukani wake ulikuwa umesogea kidogo kumwelekea mwendeshaji. Magurudumu yake yalikuwa yametengana zaidi. Tofauti ya sentimita mbili hadi nne kwa mbele ndiyo kawaida kati ya aina hizi mbili, na kwenye karatasi inaonekana ni kitu kidogo. Kwenye shingo, baada ya saa mbili, si kitu kidogo hata kidogo.

Halafu tukaja kwenye tairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nikiulizwa nipime kitu kimoja tu kabla ya kununua, nitapima hapa.

Ya mbio ilikuwa na tairi za milimita 25. Nikajaribu kupitisha ile alenki kati ya tairi na fremu, nyuma ya ekseli ya pedali. Ikakwama. Maana yake ni kwamba fremu ile haitaki tairi nene zaidi ya hiyo, leo wala kesho. Ya masafa ilikuwa na tairi za 32 na alenki ikapita pande zote mbili bila kugusa chochote. Mpwa wangu akasema, "Lakini tairi nyembamba na ngumu si ndiyo inakimbia?"

Hiyo imani niliwahi kuishika kwa mikono miwili. Baiskeli yangu ya kwanza ya lami ilikuwa ya mbio, ya aluminiamu, tairi 23, na nilikuwa nikiijaza upepo hadi psi 110 kila Jumapili alfajiri. Na niseme ukweli wote: niliipenda. Ukisimama kwenye pedali pale Red Hill, kila nguvu ya mguu unaiona ikitoka nje kama mwendo. Kwenye kona huhitaji kuizungusha. Unainamisha bega na yenyewe imeshageuka. Kuna furaha pale ambayo baiskeli ya masafa haitakupa, na sitajifanya kwamba ipo.

Ila barabara zetu zilikuwa na maoni yao. Tairi gumu linapokutana na lami laini kama kioo, linabingirika vizuri mno. Likikutana na lami iliyobanduka, kokoto, viraka juu ya viraka, na vile vibampu vidogo vilivyopangwa mistari mitano mitano kabla ya tuta kubwa, haliwezi kubonyea. Kwa hiyo baiskeli nzima hurushwa juu, nawe ukiwa juu yake, na kila mrusho ni nguvu uliyoitoa mguuni ikipotelea kwenye nyama za mwili wako badala ya kukusogeza mbele. Tairi la 32 lenye upepo wa psi 55 hivi, kwa mtu wa kilo sabini na kitu, linalimeza kokoto na kuendelea. Ndiyo maana hata mabingwa wa Ulaya, waliokuwa wakitumia 23 miaka ile, sasa wanakimbia na 28 na zaidi kwenye lami nzuri kuliko yetu.

Vidole vyangu viwili vya mwisho vilianza kufa ganzi mwaka wa pili. Mshipa wa fahamu unaovihudumia hupita ukingoni mwa kiganja, palepale unapolalia usukani, na ukiinamishwa sana mbele uzito wa kifua chote hushukia hapo. Nilibadilisha glavu. Nikabadilisha utepe wa usukani. Ganzi haikutoka mpaka nilipobadilisha baiskeli. Rimu nazo: ya kwanza nililiingia shimo lililojaa maji ya mvua Lower Kabete Road, nikidhani ni dimbwi la kawaida. Tyubu lilibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, likatoka na matundu mawili yaliyokaa kama meno ya nyoka. Ya pili sitaisimulia, ilikuwa vilevile.

Mpwa wangu alikuwa bado hajashawishika. "Anko, Froome alianzia Kikuyu hapo." Ni kweli, na ni fahari yetu kuliko tunavyoisema: Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, na akaja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini kwa Kinjah alijifunza juu ya baiskeli za mlimani, kwenye njia za udongo mwekundu. Ile ya mbio tuliyomwona nayo kwenye televisheni ilikuwa ikipita barabara iliyofungwa magari, na nyuma yake kulikuwa na gari la timu lenye magurudumu ya akiba juu ya paa. Mpwa wangu akipata pancha Magadi Road saa kumi na mbili na nusu jioni, nyuma yake kuna matatu.

Na kama hoja ni ubingwa, nikamwambia habari za Fabian Cancellara, mwendesha baiskeli wa Uswisi. Mwaka 2012 watengenezaji baiskeli wa Trek walitoa baiskeli ya masafa iitwayo Domane, na mwaka uliofuata Cancellara aliipanda akashinda mbio za Tour of Flanders na Paris–Roubaix. Hiyo ya pili ina zaidi ya kilomita hamsini za mawe ya kupanga, mawe ambayo yangemfanya dereva wa tingatinga alalamike. Hakuna aliyemwambia kwamba amepanda baiskeli ya wazee.

Uzito? Ya masafa ilizidi kwa takriban kilo moja. Chupa mbili za maji za mililita 750 zina uzito kuliko hiyo. Tukapita.

Gia hatukupita haraka, kwa sababu anaishi Rongai na ukitoka Rongai wikendi unaelekea Kiserian, na ukishafika Kiserian utatamani Corner Baridi, kisha siku moja utatamani bonde lote hadi Magadi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi liko kama mita 600. Kushuka ni raha. Kurudi, jua likiwa utosini, ndiko kunakojulikana nani alinunua gia gani. Ile ya mbio gia yake nyepesi kabisa ilikuwa na meno 36 mbele na 28 nyuma. Ya masafa ilikuwa 34 kwa 34. Ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, ya kwanza inakulazimisha uende kama kilomita 11 kwa saa ndipo mguu uzunguke vizuri. Ya pili inakuruhusu uende kama 9. Kwenye mteremko mkali wa kupanda, hizo mbili ni tofauti kati ya kuzungusha na kusukuma baiskeli kwa miguu. Gia zinabadilishwa, sawa, lakini ni pesa nyingine.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nimshike mkono mpwa wangu pale kibandani, maana haya mengine angeweza kuyabisha na pengine tungetofautiana hadi jioni.

Baiskeli ya masafa inashushika. Ya mbio haipandishiki. Ukiona uko juu sana na mgongo wako umezoea, unatoa spesa, zile pete za kuinua usukani, chini ya stemu, ule mkono mfupi unaoushika usukani, unazihamishia juu yake, na kwa dakika kumi umeinama kama mkimbiaji. Ukitaka wepesi wa tairi, unavaa za 28 na fremu haina shida. Lakini fremu ya mbio ikishakuwa fupi mbele, na mwenyewe wa kwanza kule Ulaya alishakata bomba la foki, lile ambalo stemu hukaa juu yake, ili usukani ukae chini kabisa, wewe mnunuzi wa mtumba hapa huna cha kuongeza. Unaweza kugeuza stemu iangalie juu, basi. Na hakuna fundi duniani atakayeipanua fremu ipokee tairi nene. Ukikosea upande wa masafa, kosa linarekebishwa kwa alenki. Ukikosea upande wa mbio, unaiuza kwa hasara.

Na kuna jambo watu hawaliamini mpaka walione. Kasi ya kuinama inatokana na mwili wako kuukwepa upepo, kwa sababu mwili ndio unaozuiliwa na upepo kuliko fremu. Mtu asiyeweza kukaa chini pale kwa muda mrefu hushika juu ya usukani na kunyoosha mikono, kifua kikawa tanga la jahazi. Nawaona kila Jumapili Thika Road: baiskeli ya mbio, mkao wa kwenda posta. Mwenye ya masafa anayeweza kukunja viwiko na kukaa hivyo saa nzima anawapita.

Wapo wanaostahili ya mbio, na ningewaambia wainunue bila kusita: anayeshiriki mashindano kweli, mwenye mgongo unaokunjika, anayetoka alfajiri kwenye lami pana na kurudi kabla magari hayajajaa, na hasa yule aliye na baiskeli nyingine ya kwenda kazini. Mpwa wangu hakuwa hata mmoja wa hao. Alikuwa na akiba ya baiskeli moja, itakayomvusha Jumatatu hadi Jumapili, kiangazi na masika.

Tukachagua ya masafa, lakini si kwa kufumba macho. Baadhi ya hizi huja na springi ndani ya shingo ya usukani au kiungo kinachochezacheza chini ya kiti. Kwa mtumba mimi huziepuka. Kikilegea kile kipuri utakitafuta mji mzima. Yake ilikuwa fremu ya kawaida isiyo na mambo. Breki zilikuwa za diski za Shimano, na nikamwonya mapema: hizo hutumia mafuta ya madini, si ya breki za gari. Fundi akitia ya gari kwa haraka zake, raba za ndani zinavimba na breki imekwisha. Aende kwa fundi anayejua, na asimame pale akiangalia.

Muuzaji alishangaa kidogo. "Kijana kama huyu, mzee, unampa hii?" Nikamwambia huyu kijana anaenda mbali.

Tangu mwezi wa pili anaenda nayo kazini. Ametoa spesa mbili, zimekaa juu ya stemu. Jumapili iliyopita tulipanda pamoja hadi Corner Baridi na akaningojea juu kwa dakika sita, amekaa kwenye jiwe, anakula ndizi. Juzi ameniuliza kama amwambie fundi akate lile bomba linalochomoza juu ya stemu, halimpendezi. Nimemwambia asikate. Masika ndiyo kwanza yameanza.